Mitandao haikuanza na Facebook

Mhariri salamu, mi nashangaa kila mkiandika historia ya mitandao ya kijamii mnaanzia Facebook, jamani hapa Bongo Jambo Forums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilianza 2006, baadae ndo ikaitwa JamiiForums, watu wanabishana siasa kwa majina bandia mpaka usiku wa manane, na hapo unalipia kwa saa intaneti kafe, picha moja inafunguka kipande kipande kutoka juu we unaangalia hela inakata. Mkonga wa Seacom, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulipofika 2009 angalau spidi ikachangamka. Alafu 2018 zikaja kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni, gharama za leseni ya blogu zikapita shilingi milioni 2, mabloga kibao wakafunga, stori zikahamia magrupu ya WhatsApp ambako mjadala wa mwaka juzi hauupati tena. Andikeni na hayo, waliokuwepo bado wapo.

Mdau, Tabata