Tulipeleka askari Kongo, tusiwakane wakimbizi wake

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba Tanzania imeshamaliza deni lake kwa Kongo: tumetoa askari, wengine wamerudi kwenye majeneza, kwa hiyo wakimbizi wafunge virago warudi kwao. Niliisoma barua yake mara mbili na imenikaa rohoni hadi leo. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, lakini kwetu ni Kasulu, mkoani Kigoma. Katika hao askari anaowasema, mmoja ni baba yangu mdogo. Hao wakimbizi anaowasema, nimewauzia maharage.

Nianze na askari. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha brigedi maalumu kwa ajili ya Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Haikupelekwa kukaa katikati na kutazama. Ilipewa ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, na mwaka huohuo ilipigana pamoja na jeshi la Kongo hadi waasi wa M23 wakafurushwa. Desemba 2017 kambi ya askari wetu huko Semuliki, upande wa Beni, ilivamiwa na wakauawa wasiopungua 14. Baba mdogo alikuwa kambi nyingine. Aliporudi nyumbani alikaa karibu mwezi mzima bila maneno, kila jioni anabeba kiti chake kwenda chini ya mwembe. Siku alipoanza kusimulia hakutaja risasi. Alisimulia kina mama barabarani, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine anaburutwa mkono. "Sisi tunakwenda mbele, wao wanarudi nyuma," alisema, "na barabara ni ileile moja."

Ndiyo maana hesabu ya yule msomaji siikubali. Yeye anaona damu ya askari imelipia hifadhi ya mkimbizi, basi tumefutiana. Mimi naona tulipokubali kupigana tuliingia vitani, na anayeingia vitani, hata akiwa na haki, hawezi kujifanya mpita njia watu wanapoanza kukimbia. Sisemi tulikosea kwenda. Baba mdogo hajutii, na Watanzania tumewahi kubeba silaha nje ya mipaka yetu kwa sababu ninazozionea fahari. Lakini kazi ile haiishi siku askari wanapopanda ndege.

Na wanapanda kweli. Kongo mashariki imepitiwa na majeshi mengi: Uganda tangu 2021, kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka 2022 hadi 2023, kisha kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nasi tukiwamo tena. Rwanda imekana kuwasaidia M23, lakini Februari 2025 Baraza la Usalama liliitaja kwa jina na kuitaka iondoe askari wake. Goma ilikwishaanguka mikononi mwa M23 Januari, Bukavu ikafuata, na Machi SADC ikaamua kuondoka. Mwanamke wa Fizi, huko Kongo mashariki, aliyevuka Ziwa Tanganyika na wanawe mwaka 1996 hajawahi kuitiwa kikao cha kumpangia tarehe ya kurudi.

Mmoja wa wanawake hao nilimfahamu vizuri. Alikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyopo kwetu Kasulu, tangu ilipoanza, na siku za soko mama yangu alikuwa akipeleka debe mbili za maharage, yeye analeta sabuni, vitenge na sombe iliyotwangwa tayari. (Sisi tunaita kisamvu. Alinisahihisha kila mara hadi nikazoea.) Mama alimkopesha, naye alimkopesha mama, na ada yangu ya kidato cha tatu ilipopungua ni yeye aliyetoa elfu thelathini kutoka kwenye fundo la kitenge chake. Nilipomshukuru alijibu, "Njo vile, mwanangu." Baadaye soko likafungwa. Yeye hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, maana Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa. Mama alipoteza mteja na rafiki kwa siku moja, na maharage yakaoza stoo.

Najua malalamiko ya upande wetu, na si ya uongo. Misitu imekatwa kwa kuni. Silaha zilivuka mpaka pamoja na watu, na wazazi wetu wanakumbuka miaka ambayo basi la Kigoma halikuondoka bila polisi wenye bunduki ndani. Serikali ina wajibu wa kujua nani anaingia. Lakini ukaguzi una namna yake. Mimi ni Muha, na Kiha kinasikilizana na Kirundi. Likizo iliyopita, kwenye kizuizi kimoja, ofisa alinishusha kwenye basi peke yangu kwa sababu ya lafudhi. Kitambulisho cha NIDA nilimpa, akaniambia hata Warundi wanavyo, kisha akaniamuru nitaje majina ya babu zangu watatu mbele ya abiria wote. Niliyataja, sauti ikitetemeka. Ukishaanza kumnusa mgeni, hata mwenyeji atakunukia ugeni.

Nchi hii imewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto wao, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Leo wanalima kwenye makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na sijasikia kwamba Tanzania imezama.

Ninachoomba wabunge wa Kigoma wakiulize bungeni ni hiki: kila askari wetu wanapotumwa nje, serikali ieleze hapohapo imejiandaaje kuwapokea watu watakaotoka huko. Na kwa waliopo tayari, sheria ile ya 1998 irekebishwe, mkimbizi aruhusiwe kufanya kazi na kuuza mali yake sokoni kwa kibali kinachopatikana bila kuzungushwa. Wangeanza na soko la Nyarugusu. Mama yangu bado ana elfu thelathini za watu, na amekataa kuzitumia.

Mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Kasulu
Dar es Salaam
(Jina langu mnalo)