Vishikwambi vya walimu viwekewe gemu za kusomea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Hapa kwetu Ngamiani, mjini Tanga, maneno yamekuwa mengi barazani: mabanda ya gemu yafungwe, yanaharibu watoto. Mtoto aliyetumwa sukari akaishia bandani na chenji ya mama yake, huyo simtetei. Ila wazee wenzangu wakishapandisha, wanakusanya kila chenye kioo na kusema gemu ni upuuzi mtupu. Hapo ndipo tunapoachana.

Mimi ni dereva wa winchi mstaafu. Nimefanya kazi bandarini tangu enzi zile meli zikitia nanga nje na mzigo kushushwa kwenye matishari, yale mashua bapa ya kuufikisha gatini. Ukitaka kujifunza ulikaa nyuma ya dereva mkubwa ukiangalia mikono yake, na kiti ulipewa siku akiumwa. Kosa la mwanafunzi ni lile lile kila mara: mzigo ukianza kubembea, anauvuta upande wa pili. Mwili ndivyo unavyokutuma, na ndivyo unavyozidi kuubembeza. Dawa ni kuufuata. Unapeleka mkono wa winchi kule kule mzigo unakokwenda, mpaka uwe juu yake, ndipo unasimama nao. Kuyasema haya ni rahisi, lakini chini wapo vibarua, na hao hawawezi kukusubiri mpaka uelewe.

Siku hizi bandari kubwa za nje zina mashine ya kuigizia. Kijana anakaa kwenye kiti chenye vishikio vile vile vya kazini, mbele yake skrini, upepo unavuma, meli inayumba, anaangusha makontena asubuhi nzima na hakuna anayeumia. Hiyo ni gemu, hata wakiibatiza jina la kisomi. Na si jambo la jana. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivukuto ya vinanda akatengeneza ndege ya uongo ya kufundishia marubani, mwaka 1929. Leo rubani wa ndege ya abiria hapewi ndege mpaka apitie mashine ya namna hiyo. Mzee anayesema gemu ni upuuzi anapanda ndege kwenda Hija na wala hana habari.

Lakini hasa nimeandika kwa ajili ya watoto. Sijui kwa nini tunalisahau jambo lililofanyika humu humu mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE, kwa fedha za Elon Musk, lilileta vishikwambi kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huu. Serikali yetu ilishiriki, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO la elimu na WFP la chakula. Ndani mlikuwa na programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, zimetengenezwa kwa mtindo wa michezo, na timu tano zilikuwa zikishindana. Mei 2019 timu mbili kati ya hizo, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10.

Mjukuu wa dada yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Nilimkuta ukumbini, tumbo chini, anafuata herufi kwa kidole. Akikosea, herufi inarudi kama ilivyokuwa, bila kelele wala fimbo. Anarudia. Nikamuuliza, "Unasoma nini, babu?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Sisomi, nacheza."

Kabla ya majaribio, zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Wapo watakaonirukia: na nusu iliyobaki je? Swali zuri. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kwenda shule, na vijijini waliachiwa kifaa bila mwalimu. Mimi nusu hiyo inaniambia kwamba gemu inahitaji mtu mzima pembeni, kama mwanafunzi wa winchi anavyomhitaji dereva mkubwa.

Na watu wazima hao tunao, na vifaa tunavyo. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 walikabidhiwa walimu. Programu za shindano zimeachwa wazi kwenye intaneti, yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure. Namwomba afisa elimu wa mkoa awatafute vijana wa kompyuta wazipakie kwenye vishikwambi hivyo, aanze na shule chache za darasa la kwanza na la pili huko Mkinga na Handeni. Najua darasa lina watoto wengi na kishikwambi ni kimoja. Basi wakae makundi, mmoja ashike, wenzake wachungulie begani na kumsahihisha. Sisi wote tulijifunza winchi kwa kuchungulia.

Mashine ya kuigizia ya bandarini ni ghali, hiyo naielewa. Ila gati letu limepanuliwa na meli kubwa zinafunga pale pale, na vijana wa kushika vishikio hivyo watatakiwa. Wahusika watueleze: mashine hiyo imo kwenye bajeti au haimo?

Dereva wa winchi mstaafu,
Ngamiani, Tanga