Barua ya wazi: Mheshimiwa, hata Ogiek wa bodaboda anangoja hati yake

Kwa Mheshimiwa unayeshughulikia mambo ya ardhi huku kwetu kwenye msitu wa Mau, Kenya,

KUH: HATI YA ARDHI YA JAMII YA OGIEK

Mheshimiwa, kwanza pokea salamu na heshima zangu, najua una kazi nyingi. Sikupenda kukuandikia hadharani namna hii, lakini barua za kawaida tumepeleka, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo kwa mhuri. Na sasa kuna hili baraza la juzi. Mzee wetu wa Ogiek, sisi jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu huu, alisimama akauliza kwa upole kabisa hati ya jamii itatoka lini, wewe ukawaangalia vijana waliokuwa wanarekodi na simu wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, ukasema kwa kipaza sauti, ati hawa ndio Ogiek, Ogiek gani wako na bodaboda? Watu wako wakacheka sana. Mzee akakaa chini na swali lake.

Sasa wacha nikujibu hapa, manake pale kipaza sauti hakikutufikia.

Babu yake baba alikuwa mtu wa msitu kweli kweli, mizinga ya magogo ya mtarakwa juu ya miti, asali anabadilishana na Wamaasai anapata mbuzi. Hakuenda kutafuta mabadiliko, mabadiliko yalimfuata. Mkoloni akaufanya msitu kuwa mali ya serikali, na ile tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ikapendekeza watu wetu wahamishiwe kwenye maeneo yaliyotengewa makabila mengine, yaani tumezwe huko tuishe polepole bila kelele. Babu yangu akaanza kufuga na kupanda mahindi kidogo kidogo. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, sasa mtu aliyelelewa kwa kuwinda ungetaka afanye nini Mheshimiwa, si ashike jembe? Baba yangu naye akapandia serikali miti, ile ya saipresi, unapewa kipande unalima viazi katikati ya miche mpaka miti ikikuwa unaambiwa toka. Mimi niko na mizinga ya gogo na ile ya kisasa ya masanduku, natumia zote, na asali nauza kwa simu, na kijana wangu ndiye anapeleka kwa hiyo bodaboda uliyoicheka. Kila kizazi hapa kimebadilika kwa sababu kuna mtu alikifungia njia kilichokuwa kinapitia, halafu mtu huyo huyo anarudi kutuuliza mbona mmebadilika.

Na kwani wewe babu yako alivaa suti? Nauliza tu kwa heshima. Sijasikia mtu akikwambia kwamba kwa sababu unaendesha gari kubwa basi shamba la ukoo wenu si lenu tena. Wakulima wamebadilika, wafugaji wamebadilika, watu wa pwani wamebadilika, Kenya nzima iko kwa simu, lakini ni sisi pekee tunaotakiwa tuvae ngozi ndiyo tupewe haki. Na tukivaa ngozi mnatuita tucheze ngoma wageni wakija! Kumbe uOgiek unatambulika siku ya sherehe tu.

Yaliyobaki huwezi kuyaona ukiwa barabarani. Kila ukoo bado unajua msitu wake unaanzia wapi na kuishia wapi, mtu hagusi mzinga wa mwenzake, na wazee wakiona mti wa silibwet umechanua wanajua asali gani inakuja na nani atapanda mti upi. Watoto wangu wanafanya mitihani ya Kiingereza na bado hayo wanayajua. Kijana akirudi kutoka chuo anaingia kwa mizinga kabla hajakula.

Tena Mheshimiwa hilo neno lako si jipya, serikali ilishalipeleka mbele ya majaji ikashindwa nalo. Oktoba 2009 tulipewa ilani ya siku 30 tutoke Mau, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha, na upande wa serikali ukajitetea kwamba Ogiek wa siku hizi wanaishi maisha ya kisasa hawana tofauti na wengine. Tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema utamaduni si kitu cha kusimama pahali pamoja, mavazi na alama vinaweza kubadilika na watu wakabaki watu wale wale. Wakasema pia ulinzi wa msitu hauwezi kuwa kisingizio cha kutukatalia haki, manake uharibifu wa Mau ulitokana na wavamizi wengine, na wakataji miti waliopewa leseni, na serikali yenyewe kumega msitu. Si mwaka 2001 ilitangaza kutoa zaidi ya hekta 35,000 Mau Mashariki peke yake? Hizo hekta hazikuliwa na nyuki zetu.

Halafu tarehe 23 Juni 2022 wakaja na hesabu yenyewe. Serikali itulipe shilingi 57,850,000 za hasara ya mali na shilingi 100,000,000 za madhara mengine, na kubwa kuliko pesa, ardhi ipimwe kwa kushauriana nasi na tupewe hati ya jamii ndani ya miaka miwili. Hiyo miaka miwili iliisha Juni 2024. Mimi si wakili lakini kalenda naijua. Kabla yake, Novemba 2023, ndugu zetu wa Sasimwani upande wa Narok walikuwa wanabomolewa nyumba, hukumu iko mkononi! Na lile jopokazi la 2017 la kutekeleza hukumu, ripoti yake sijawahi kuiona na hakuna jirani yangu aliyewahi kuiona.

Unajua kukosa hati ni nini lakini? Mimi niliomba mkopo niongeze mizinga, nikaulizwa dhamana, nikasema shamba, wakasema lete hati, mazungumzo yakaisha. Shule ya watoto ni ya mbao na mabati miaka yote, ukiuliza kwa nini hakuna jengo la mawe unaambiwa hapa si mahali rasmi. Kaburi la babu liko ndani ya ua wa mtu aliyepewa kipande hapo katikati ya ile migao, kwenda kulisafisha naomba ruhusa kama mwizi. Mama mpaka leo hajengi jiko la kudumu, anasema atajenga akijua halitavunjwa. Ni mzee sana sasa. Anapikia kwa kibanda, moshi unamuumiza macho, na kila mvua kibanda kinaegemea upande.

Wengine huku wanasema ni biashara ya kaboni, yaani kulipwa pesa kwa miti inayofyonza hewa chafu, kwamba msitu una bei mpya na sisi tuko njiani. Wengine wanasema kuna wakubwa walipata vipande hawataki vipimo vifanywe majina yao yatokee. Mimi nadhani ni hesabu ya kura, sensa ya 2019 ilituhesabu watu 52,596, hiyo ni idadi ya kuahidiwa tu wakati wa kampeni. Na uliahidi Mheshimiwa, video tunayo, simu unazozicheka ndizo zilikurekodi. Ulisema ukichaguliwa la kwanza ni hati ya Ogiek. Labda la kwanza bado halijafika.

Katiba yenyewe, kifungu cha 63, inasema ardhi za asili za jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Sasa tunaomba nini cha ajabu? Nilikuwa nataka kuandika kuhusu barabara na maji na basari pia, nimeacha, hayo tutaongea siku nyingine. Pesa za fidia hata wacha zikawie kidogo. Tupe tarehe ya wapimaji kuanza kazi, wakija na wazee wetu wawe nao, wanaijua mipaka. Iandike kwa karatasi, weka sahihi, ibandikwe kwa mlango wa chifu. Tarehe tu, Mheshimiwa.

Ni mimi mrina asali, Mau Mashariki.