Risala ya Vijana Wacheza Shoo wa Mwanjelwa, Mbeya, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na mtaa, wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Kwa niaba ya vijana wacheza shoo wa Mwanjelwa, tunakushukuru kwa kukubali kuja kushuhudia onyesho letu la kwanza ambalo uchezaji wake na muziki wake vimetungwa na mtu mmoja, mwenzetu aliyeanza kwa kucheza barabarani karibu na soko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu huyu alijifunza kama tulivyojifunza sote, yaani kwa kutazama video kwenye simu, kushindana kwenye duara, na kucheza mbele ya spika za wenye maduka wanaovuta wateja, kwa ujira mdogo unaoisha siku hiyohiyo. Dansa wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani, huujibu muziki uliochaguliwa na mwingine. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ambako breaking, mtindo wa dansi ya mtaani, ilishindaniwa kwa mara ya kwanza, wimbo aliuchagua DJ na mchezaji akaufuata papo hapo. Ustadi huo tunauheshimu, na mwenzetu hajauacha. Lakini alipoanza kuwapanga wenzake, nani aingie lini na nani asimame kimya wengine wakiruka, alikuta biti alizopakua hazina ukimya alioutaka. Akaanza kuzikata, kisha kuziunga upya, na mwishowe akatunga za kwake kwenye kompyuta ya kuazima katika studio ya mtaani.

Kwa maoni yetu, kilichomvusha si kompyuta bali ni wazee. Alikwenda Rungwe na Kyela kusikiliza ngoma za Wanyakyusa, akaona jinsi mpigaji na mchezaji wanavyoongozana bila mmoja kumtawala mwenzake. Akajifunza pia habari za mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma iliyochota mwendo wa gwaride la askari wa enzi za ukoloni na kuugeuza kuwa mali ya wenyeji. Wanaotuambia kwamba tunacheza uhuni wa kuletwa tunawaomba waitazame ngoma hiyo kwa makini. Ughaibuni nako njia hii ipo: Hofesh Shechter, mtunzi wa maonyesho ya dansi, mzaliwa wa Jerusalem anayefanya kazi London, alikuwa dansa na mpiga ngoma, na muziki wa kazi zake nyingi huutunga mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shida zetu ni nyingi, lakini tutagusa zile zinazozuia wengine kumfuata. Tunafanyia mazoezi kwenye saruji, nje, na asubuhi za baridi ya Juni na Julai viungo huumia kabla havijapata joto. Tunaomba tutumie ukumbi wa kata saa ambazo hauna kikao. Wanaotamani kusoma fani hii rasmi huitazama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo kutoka hapa ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na nauli peke yake huwarudisha nyuma kabla ya kufikiria ada.

Jambo linalotuuma zaidi ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za uchezaji kama inavyozitambua za muziki, na ulinzi wake hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo vijana wengi wa hapa hudhani kuwa stepu ikishaonekana mtaani ni ya kila mtu, na wanapoiona kwenye video ya msanii mkubwa hufurahi badala ya kuuliza. Tunakuomba utuombee kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, mtaalamu aje kutufundisha namna ya kusajili kazi na namna ya kuandika mkataba na anayetukodi, kwa kuwa mpaka sasa tunakubaliana kwa mdomo, na malipo hutegemea hisani ya mwenye shughuli.

Onyesho litaanza mara tu baada ya risala hii. Lina sehemu ambayo spika zitanyamaza na wachezaji wataendelea. Mafundi mitambo wasihangaike, ndivyo lilivyotungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.