Tafadhalini msiuze peni za zamani kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme kuhusu zile senti za kikoloni zenye tundu katikati, peni (senti kumi) na ndururu (senti tano) za East Africa. Jumamosi nilipita Gikomba kwa jamaa wa skrapu nikamkuta anazipima kwa mizani pamoja na mifereji mibovu na nyaya za shaba. Nilichutama hapo nikachambua moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi, na chini kabisa nikatoa peni ya 1936, nikaigeuzageuza kwa jua, ukingoni nikasoma EDWARDVS VIII.

Huyo Edward alitawala kuanzia Januari mpaka Desemba 1936 akaachia ufalme hata taji hajavishwa, na kwao Uingereza senti zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa watu, lakini huku kwetu zenye jina lake zilitumika sokoni kawaida, maana pesa yenye tundu haina pa kuweka kichwa cha mfalme, inabeba jina lake na taji basi, na upande ule mwingine ni pembe za ndovu. Sasa kitu kama hicho kinaenda kuyeyushwa kiwe mfereji!

Na wale wa kusugua, jameni. Binamu yangu alichukua peni ya 1921 ya shosho, mwaka ule ule shilingi ilipoanza kutumika hapa, akaisugua na limau na stilwuli ikang'aa kama kifungo kipya. Aliona amenisaidia. Mimi nililia kweli, kwa sababu ile rangi ya kahawia si uchafu, ni shaba imezeeka na umri wake, na ikishatoka hairudi, na herufi ndogo kama H ya kiwanda cha sarafu cha Heaton kule Birmingham ama SA ya Pretoria, Afrika Kusini, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nazo zinalika. Kama ina matope iloweke tu kwa maji safi, ikaushe na kitambaa laini, uiweke kwa bahasha ya karatasi, si zile plastiki laini zinazoifanya iote kijani.

Kwa hivyo naomba wenye mikebe ya shosho na guka waimwage mezani wasome miaka kabla ya kumuita mtu wa skrapu. Na nyinyi wa mizani, zenye tundu ziwekeni kando, sisi tunaozikusanya tutalipa kushinda bei ya kilo.

Msomaji wenu,
Nairobi