Mahakama imeshasema kuhusu umri wa ndoa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme la moyoni kuhusu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba: msichana aliweza kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali umri wa kawaida wa mvulana kuoa ulikuwa 18. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Mahakama Kuu ilikuwa imetoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Ukapita hivi hivi. Jaji anaweza kusema kifungu hakifai, lakini kukiandika upya ni kazi ya Serikali na Bunge, na hapo katikati ndipo mabinti wetu wanapopotelea.

Mimi ni mwalimu. Niliwahi kuita mahudhurio Kidato cha Pili, jina moja lisiitikiwe wiki nzima. Daftari lake la hesabu lilikuwa bado mezani kwangu, zoezi nusu. Mwenzake akaninong'oneza kwamba mahari imeshapokelewa.

Ni kweli, Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016 na anayeoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Je, binti aliyekwisha kuacha shule analindwa na nani?

Wizara ya Katiba na Sheria, na ninyi wabunge wetu: andikeni 18 kwa wote, bila "isipokuwa".

Mwalimu wa sekondari,
Dodoma