Mwangalie Unyayo Kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na kuku wangu Kishungi naye hajambo. Hapa ninapoandika yuko nje ya mlango anachakura, na mguu anaochakuria ndio ule ule uliokuwa mbovu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema mtetea wako mweusi ameanza kuchechemea na unadhani ameteguka. Huenda ameteguka kweli. Hata hivyo, kabla hujaendelea kusoma, nenda ukamshike, umgeuze mguu, umwangalie unyayo. Nakuomba hivyo kwa sababu mimi nilipoteza karibu wiki tatu. Nilimpapasa paja, nilimkunja goti, nilimfuata nyuma kuona anavyotembea, na siku zote hizo ugonjwa ulikuwa chini kabisa, mahali ambapo sikuwahi kupatazama.

Unamjua Kishungi alivyo. Mlango wa banda ukifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Asubuhi moja akatoka wa mwisho. Nikamwona amesimama kwa mguu mmoja, nikasema moyoni bado ana usingizi, maana kuku mzima pia hupumzika hivyo. Hilo ndilo lililonidanganya. Kilichonishtua baadaye ni kuona hachakuri tena. Alikuwa akisimama juu ya udongo, anauangalia, kisha anadonoa kilichofunuliwa na wenzake. Jioni ile nikamchukua, nikamlaza mapajani na kumulika tochi. Katikati ya unyayo, kwenye ule mto mkubwa unaobeba uzito wote, palikuwa na kigaga cheusi cha duara, ukubwa wake kama punje ya kunde. Ngozi iliyokizunguka ilikuwa imevimba, nyekundu, imekaza mpaka inang'aa. Nilishika miguu yote miwili kwa pamoja, kila mmoja na kiganja chake. Mmoja ulikuwa na joto kuliko mwenzake, tofauti ya wazi kabisa. Jaribu na wewe hivyo hivyo: usishike mmoja peke yake, maana utakosa cha kulinganisha.

Nikaenda kwanza kwa muuza dawa. Akanipa unga wa antibiotiki wa kuchanganya kwenye maji ya kunywa, bila kumwona kuku wala kuniuliza ana uzito gani. Siku 5 zilipita, uvimbe uko pale pale. Sababu nilikuja kuielewa kwa daktari wa mifugo. Usaha wa ndege hauwi majimaji kama wetu. Chembe zao za damu zinazopambana na vijidudu hazina uwezo wa kuuyeyusha, kwa hiyo hukauka na kuwa donge gumu, na mwili hulizungushia ukuta. Ndani ya donge hilo damu haipiti, na dawa inayosafiri na damu haifiki. Isitoshe, kuku mgonjwa hunywa maji kidogo, kwa hiyo hata ile dawa yenyewe hujui ameipata kiasi gani. Nilihuzunika sana kusikia hayo. Siku 5 nzima nilikuwa na amani kwamba anatibiwa, kumbe yeye anazidi kuumia.

Sasa nikueleze ya daktari, maana wengi hunishangaa kwamba nilimpeleka kuku kutibiwa mguu. Alimpima uzito kwanza. Akamtazama miguu yote miwili, akabonyeza vidole kimoja kimoja na viungo vyake. Kisha akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuyatarajia: analala wapi, anaruka kutoka juu kiasi gani, anatua juu ya nini, anakula nini. Nikamweleza ule ufito wa kulalia niliokuwa nimeutengeneza mwenyewe, juu kama mita 1 na nusu, wenye kingo kali, na chini yake sakafu ya saruji. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kila asubuhi anatua kwa unyayo ule ule."

Ndivyo ugonjwa ulivyoanza. Kuku anapotua kwa kishindo, tena akiwa mnene, ngozi ya unyayo hupata mchubuko mdogo ambao jicho halioni. Mwiba au kibanzi cha mti huweza kufanya hivyo pia, na vilevile sakafu ya waya au matandazo yaliyolowa yanayolainisha ngozi. Kisha huingia bakteria, mara nyingi wale waitwao stafilokokasi, ambao kwa kawaida hukaa tu juu ya ngozi ya kuku mzima bila kumdhuru. Wakishapata mlango, hushuka ndani. Wakiachwa hufika kwenye kano na mifupa, na hapo matibabu huwa magumu mno. Kwa hiyo alipiga eksirei kabla hajagusa kisu. Mfupa ulikuwa mzima. Sijui kama nimewahi kushukuru kwa picha nyeusi na nyeupe kama nilivyoishukuru ile.

Nilikuwa nimeshasikia watu wakisema kigaga hicho unaweza kukichokoa mwenyewe nyumbani kwa wembe. Rafiki yangu, usifanye hivyo. Kishungi alilazwa kwa gesi ya usingizi aliyovutishwa kwa kibarakoa, maana jeraha lile linauma, na kuku huficha maumivu yake hata akanyamaza kabisa mikononi mwako ukadhani hasikii kitu. Dawa za ganzi nazo si za kujipimia, kwa kuwa kiasi kikizidi kidogo zinaweza kumdhuru ndege. Niliruhusiwa kusimama pembeni. Daktari alikata kukizunguka kigaga, akakiinua kwa kibano, na nyuma yake likafuata donge la rangi ya manjano iliyopauka, kavu, linalomeguka kama jibini la zamani. Hakuna tone lililotiririka. Alitoa vipande kwa subira, akasafisha shimo, akatoa tena. Akachukua kidogo kwa pamba kipelekwe maabara, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi itawaua. Jeraha hakulishona. Alilijaza marhamu na shashi, akatengeneza kama kata ya kujitwika mzigo, duara lenye tundu katikati, akaiweka chini ya unyayo ili uzito ukae pembeni na kidonda kisikanyagiwe, kisha akafunga bandeji akipitisha kati ya vidole.

Dakika chache baada ya gesi kuondolewa, Kishungi alifumbua jicho moja. Ule utando mweupe wa ndani ya jicho ukapita mara mbili, akainua kichwa, akanitafuta.

Tulirudi na antibiotiki iliyopimwa kwa uzito wake, ya kumpa mdomoni, pamoja na dawa ya maumivu. Mayai yake niliambiwa nisiyatumie wakati wote wa dawa na siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa sababu dawa hupita hadi kwenye yai. Nawe ukiandikiwa dawa, uliza siku hizo ni ngapi, usikisie.

Kazi ya nyumbani ndiyo ndefu, na ndiyo inayoamua. Wiki mbili za kwanza nilibadilisha bandeji kila baada ya siku 2, baadaye kila baada ya siku 3. Nilivaa glavu kila mara, kwani bakteria hao huweza kumwingia hata mtu mwenye mkwaruzo mkononi. Utaratibu wangu ulikuwa huu: namfunga taulo mabawa yakiwa yametulia, nafunika kichwa kidogo ili asione, nampakata chali kiasi tu cha kuuona unyayo. Hapa uwe makini. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupumua kwa kupanua kifua chake mbele na nyuma. Ukimbana kifuani kwa kuogopa asiponyoke, unaweza kumkosesha pumzi huku pua na mdomo viko wazi. Shika mabawa, acha kifua. Nikishafungua bandeji ya zamani, naloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye dawa niliyopewa ya kuulia vijidudu, namkausha vizuri, naweka marhamu, nafunga upya. Bandeji isikaze, vidole vikivimba au vikiwa baridi, ifungue mara moja. Na isilowe, maana bandeji iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Jambo moja nusura linipite. Wiki ya pili, wakati nafurahia kidonda kinavyojaa nyama nyekundu safi, nikaona unyayo wa mguu mzima nao umeanza kuwa laini na mwekundu. Alikuwa akiuegemea peke yake tangu alipoanza kuumwa. Daktari akasema nao niufungie mto wa shashi, na kwa bahati haukufika kupata kigaga. Kwa hiyo unapomtazama mtetea wako, tazama miguu yote miwili, kila mara.

Ule ufito niliuvunja siku ile ile tuliyorudi. Wa sasa hauzidi sentimita 40 kutoka chini, upana wake kama sentimita 5, nimeuparaza kwa msasa mpaka kingo zote zimekuwa mviringo, na chini yake kuna maranda makavu yenye kina cha kiganja kilichosimama. Punje za mahindi nilizokuwa nikimmwagia kila akinijia nimezipunguza, ingawa hili ndilo lililonisumbua moyo, maana ananijia na kusimama ananitazama. Sasa nampa majani mabichi. Daktari anataka apungue uzito, na pia kuku akikosa vitamini A ngozi yake hudhoofika.

Wiki ya sita bandeji ilitolewa ya mwisho. Limebaki kovu dogo gumu, ambalo nalikagua kila Jumapili jioni wote wakiwa wameshatulia, na si lake tu, nakagua nyayo za kila mmoja bandani.

Basi nijibu upesi. Niambie ulichokiona: kama kuna kigaga au hakuna, rangi ya ngozi, joto la mguu mmoja na mwenzake, na umbali kutoka ufito wake hadi sakafuni. Ukikuta doa jeusi, usiisubiri hata barua yangu. Mtie kwenye boksi lenye matandazo laini, mwende kwa daktari.

Wako akupendaye,
mimi na Kishungi